Moto, Shoti na Kutu: Uhakiki wa Maneno Yanayoeleza Kiungo cha Umeme Kilichopata Joto

Miongoni mwa maandishi ambayo wafasiri wetu huyahesabu kuwa ya daraja la chini ni miongozo ya mashine. Shairi likifasiriwa vibaya wahakiki hulalamika. Mwongozo wa mashine ukifasiriwa vibaya hakuna alalamikaye, kwa maana aliyeathirika ni fundi mmoja aliye peke yake karakanani, naye aghalabu hudhani kuwa kosa ni lake. Katika makala haya twapenda kuchunguza fungu moja dogo la lugha hiyo, yaani maneno yatumikayo kueleza hitilafu ya kiungo cha umeme kinachopata joto kupita kiasi. Kielelezo chetu ni mashine moja tu: trekta dogo la bustani liendeshwalo kwa betri.

Trekta lenyewe ni Elec-Trak, lililoanza kuuzwa na kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1969. Halikuwa trekta la kulimia mashamba. Lilikuwa la kukatia nyasi za uani, kuondolea theluji na kukokotea mizigo midogo, na mahali pa injini ya petroli palikuwa na mota iliyopata umeme kutoka katika betri za risasi na asidi. Aina zake kubwa zilibeba betri sita za volti 6 kila moja, zilizounganishwa kwa mfuatano hata jumla yake ikawa volti 36. Kabla ya muongo wa 1970 kwisha, kampuni ilikwisha kuiacha biashara hiyo. Hata hivyo wako watu huko Marekani wanaoyatunza matrekta hayo mpaka leo. Mwenye trekta la namna hiyo hana wakala wa kumwendea wala fundi wa kiwanda wa kumwita. Alichobakiwa nacho ni maandishi. Ndiyo sababu tumelichagua: hapa neno ndilo chombo cha kazi, sawasawa na spana.

Huenda msomaji akauliza linatuhusu nini sisi. Betri za risasi zilizofungwa pamoja kwa waya mnene na boliti ndizo zilizomo katika mitambo mingi ya umeme wa jua vijijini kwetu, na pikipiki za umeme zinazopita siku hizi katika barabara za Nairobi na Kigali nazo zina viungo vinavyopitisha mkondo mkubwa kwa volti chache. Tatizo ni lilelile, na maneno tuyatumiayo ni yaleyale.

Kabla ya kuhakiki maneno yafaa tueleze jambo lenyewe, maana istilahi isiyojua kitu inachokitaja haina kazi. Chukua mota inayohitaji wati 3,600. Ikipewa umeme wa volti 240, mkondo utakaopita ni ampea 15. Ikipewa volti 36, mkondo hauna budi kuwa ampea 100. Sasa weka katika njia ya mkondo huo kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.01, kiasi kidogo mno hata mtu angedhani si kitu. Joto linalozalika katika kiungo hufuata mraba wa mkondo mara ukinzani. Kwa ampea 15 tunapata wati 2.25, ambazo hakuna atakayezitambua. Kwa ampea 100 tunapata wati 100, yaani joto la ile balbu ya zamani ya wati 100 lililokusanyika mahali palipo sawa na pingili ya kidole gumba. Risasi ya ncha ya betri huyeyuka ifikapo nyuzi 327 za Selsiasi, na ganda la plastiki la waya huharibika mapema zaidi ya hapo. Isitoshe, hitilafu hii hujilisha yenyewe: kiungo kikipata joto hutanuka, kikipoa husinyaa, boliti hulegea, uso wa metali hubabuka kwa oksijeni, ukinzani huongezeka, na joto huzidi.

Tuanze basi na neno *moto*. Katika usemi wa mafundi wetu wa umeme, waya wa moto ni waya wenye umeme, yaani ule uwezao kumdhuru mtu aushikapo. Usemi huo ni mzuri, ni mfupi, na umekwisha kuzoeleka. Hatuna nia ya kuupiga vita. Lakini katika mwongozo wa trekta letu fundi anatakiwa atafute waya ambao una joto kuliko wenzake. Mfasiri akiandika, kwa mfano, "Tafuta waya wa moto kati ya betri na mota", fundi atafanya nini? Atachukua taa yake ya majaribio na kutafuta waya wenye umeme. Atakuta wote wana umeme, kama ipasavyo, naye ataandika kuwa hitilafu haikuonekana. Hakuna kosa la sarufi katika sentensi hiyo, wala hakuna neno lisilo la Kiswahili. Kosa ni kwamba neno moja limewekwa mahali ambapo maana zake zote mbili zinaweza kukaa.

Hatari iko pia upande wa pili. Mwongozo ukisema "Usiguse kiungo chenye moto", msomaji mmoja ataelewa kuwa ataungua, mwingine kuwa atapigwa na umeme, na wa tatu kuwa kiungo kimeshika moto, hivyo atafute mchanga wa kuzimia. Kiswahili chenyewe kimekwisha kutupa njia ya kuzipambanua hali hizi, nayo imo katika vitenzi. *Kupata moto* si *kushika moto*, wala *kushika moto* si *kuwaka*. Mikono hupata moto mtu akiota jikoni, lakini haishiki moto. Hata hivyo twaonelea kuwa katika maandishi ya ufundi yafaa *moto* liachiwe maana mbili tu, ya ndimi za moto na ya waya wenye umeme katika usemi uliozoeleka, na kwa habari ya kiungo litumike *joto*. Kiungo *kimepata joto kupita kiasi*. Wako watakaosema kuwa hiyo ni sentensi, si istilahi, na kwamba lugha ya sayansi yataka nomino moja. Sisi hatukubaliani nao. Nomino ya kubuni ambayo fundi hajapata kuisikia haimsaidii kuliko maneno manne anayoyajua, na ufupi hauna faida ikiwa lazima uambatane na maelezo pembeni.

Wengine, kwa kufuata lugha ya gereji, watapenda kusema kuwa kiungo *kinachemka* au *kimechemsha*. Gari likizidi joto twasema limechemsha, na ni kweli, kwa sababu maji yake yamechemka. Katika kiungo hakuna maji. Ubaya zaidi ni kwamba betri za risasi zikichajiwa kupita kiasi hutoa mapovu, na mapovu hayo kwa macho ni kuchemka hasa, ijapokuwa si kwa joto bali kwa gesi za haidrojeni na oksijeni zinazotoka. Kwa hiyo katika mashine moja "betri inachemka" na "kiungo kinachemka" yangekuwa mambo mawili yasiyohusiana, na dawa ya moja si dawa ya jingine.

Sasa tufike kwenye neno ambalo kwa maoni yetu limefanya madhara makubwa kuliko yote, nalo ni *shoti*. Neno hili limeingia katika kila nyumba. Mtu akishtuliwa na umeme amepigwa shoti. Nyaya mbili zikigusana pasipofaa, ni shoti. Nyumba ikiteketea na chanzo kisijulikane, watu husema ni shoti ya umeme. Na afisa anayependa lugha ya ofisini huandika "hitilafu ya umeme", maneno ambayo yana heshima zaidi lakini hayana habari zaidi. Hatulikatai neno kwa sababu ya asili yake ya kigeni. Fyuzi, swichi na betri nazo ni za kigeni, na hakuna anayetaka kuzifukuza. Twalilaumu kwa sababu limekuwa kapu la kutupia kila kitu.

Shoti, kwa maana yake ya kweli, ni mkondo kupata njia ya mkato yenye ukinzani mdogo mno, hivyo ukaongezeka ghafula. Kiungo kilicholegea ni kinyume chake kabisa: njia ni ileile, ukinzani umeongezeka, na mkondo haukuzidi; pengine umepungua kidogo. Tofauti hii si ya wasomi tu, kwani fyuzi huikata shoti, lakini haiwezi kukikata kiungo kilicholegea. Fyuzi inapima mkondo, na mkondo ni wa kawaida. Mwenye trekta aliyeambiwa kuwa waya wake uliungua kwa shoti atatafuta mahali nyaya zilipogusana, hatapaona, atabadilisha waya ulioungua, ataufunga katika boliti ileile yenye uchafu uleule, na baada ya majuma machache waya mpya utaungua.

Kuna jambo jingine lililojificha hapa. Fyuzi yenyewe imeshikwa na vibanio viwili, na kila kibanio ni kiungo. Kibanio kikilegea hupata joto, na joto hilo laweza kuiyeyusha fyuzi ingawa mkondo haukupita kiasi chake. Kwa lugha yetu ya kila siku matokeo ni mamoja: *fyuzi imeungua*. Hivyo mwenyewe huona kuwa fyuzi ni ndogo, akaweka kubwa zaidi, au msumari. Hapo ndipo moto halisi unapotafutwa. Mwongozo mzuri hauna budi kutenganisha fyuzi *iliyokatika kwa mkondo mkubwa* na fyuzi *iliyoyeyushwa na joto la kibanio*, na kumwonyesha msomaji dalili: katika hali ya pili kibanio hubadilika rangi, na plastiki iliyo karibu nacho hulainika au kusawijika. Kwa bahati nzuri maneno yote hayo tunayo.

Na tuongeze kuwa kuna mahali katika kazi hii ambapo *shoti* ni neno la haki, napo ni pale spana inapoangukia ncha mbili za betri. Mamia ya ampea hupita katika spana, cheche huruka, na ikiwa betri zimetoka kuchajiwa gesi ya haidrojeni iliyo juu yake huweza kulipuka. Inatosha ifikie asilimia 4 ya hewa. Mtu aliyevaa pete au saa ya chuma huweza kupoteza kidole. Tukisha kuliita kila jambo shoti, onyo "Angalia usipige shoti kwa spana" litasomwa kama onyo la kushtuliwa na umeme tu, na msomaji anayejua kuwa volti 36 kwa kawaida hazishtui mtu mwenye mikono mikavu atalipuuza.

Kwa upande wa vipimo, kasoro zetu zimetokana zaidi na darasani kuliko gereji. *Mkondo* ni neno jema. Mtu aliyeona maji ya mto hahitaji kufundishwa. *Ukinzani* nalo limekubalika mashuleni. Lakini mahali pa volti, ampea na wati utakuta neno moja, *nguvu ya umeme*, likifanya kazi ya watu watatu. Hata wale wanaozitaja volti kwa jina husema kuwa "volti hupita katika waya". Volti hazipiti. Kinachopita ni mkondo. Volti ni tofauti iliyopo *baina ya* mahali pawili. Mashirika yetu ya umeme huandika juu ya njia kuu zenye *msongo* wa kilovoti kadhaa, na msongo ni taswira nzuri, maana hausafiri bali hukaa na kusukuma. Mwalimu asiyependa neno hilo na alitaje lile alipendalo, mradi asiseme kuwa linapita.

Katika kutafuta kiungo kibovu kosa hili lina gharama. Mfasiri akiandika "Pima ukinzani wa kiungo", anampa fundi kazi isiyowezekana, kwa sababu mita ya kawaida haiwezi kuisoma omu 0.01 kwa usahihi. Nyaya za mita zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Akiandika "Angalia kama umeme ni mdogo", fundi atapima betri zote kwa pamoja mashine ikiwa imesimama, atapata volti 36 au zaidi, ataridhika. Kipimo kinachotakiwa ni kingine: mashine iwe inafanya kazi nzito, ncha moja ya mita iguse risasi ya betri yenyewe, ncha ya pili iguse kichwa cha waya kilichofungwa juu yake, na msomaji aangalie ni volti ngapi zinazopotea katikati. Kiungo kizuri kitaonyesha karibu na sifuri. Kikionyesha nusu volti huku mkondo ni ampea 80, wati 40 zinapotea hapo kwa joto. Kwa jambo hilo twapendekeza *volti zipoteazo kiungoni*. Huo mnyambuliko mdogo wa *-ni* unafanya kazi ambayo lugha nyingine huihitaji kihusishi: unamwambia fundi aweke mita yake wapi. Kusema tu "kushuka kwa volti" kunaacha swali hilo bila jibu.

Neno *kiungo* tunalitumia ijapokuwa tunajua kuwa daktari na mpishi nao wanalo. Halileti utata, kwa kuwa hakuna atakayetafuta bizari ndani ya trekta. Lililo muhimu ni kutolichanganya na kitendo. *Kuunganisha* ni kazi, *kiungo* ni mahali, na kile kipande cha kuunganishia ni kitu cha tatu, ambacho wengine hukiita *kiunganishi* na kuwafanya walimu wa sarufi wacheke.

Tupite upesi juu ya *kutu*. Kutu ni ya chuma, nayo ni nyekundu. Juu ya ncha za betri hakuna chuma. Kuna risasi na shaba, na asidi ikizishambulia hutoa unga mweupe, au wa buluu na kijani palipo na shaba. Fundi aliyeambiwa "Ondoa kutu" atatazama wekundu, hatauona. Asiyesoma kitabu, akiuita unga huo *chumvi* kama tuuitavyo ule unga mweupe utokao ukutani, yuko karibu na kemia kuliko mfasiri, kwa maana salfeti ya risasi na ya shaba ni chumvi kweli. *Maji ya betri* nayo ni balaa: wengine huyaita hivyo maji safi ya kuongezea, wengine asidi yenyewe. Hapa hatuoni njia ila kusema *asidi* panapohusu asidi na *maji yaliyotoneshwa* panapohusu maji.

Tukiyafuata tuliyoyasema, fungu la mwongozo lingesomeka hivi: "Fanyisha trekta kazi nzito kwa dakika chache, kisha lizime na ukate umeme wa betri. Bila kuigusa metali tupu, pitisha mkono karibu na kila waya mnene. Waya ukiwa na joto sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, ama ni mwembamba mno, ama mota inabeba mzigo mkubwa, mathalani visu butu au nyasi ndefu zenye maji. Joto likiwa upande mmoja tu, ubovu uko katika kiungo cha upande huo. Kifungue. Osha unga wote kwa maji yaliyochanganywa na baikaboneti ya soda, ukiwa umeviziba vifuniko vya betri ili maji hayo yasiingie ndani. Sugua nyuso zote mbili mpaka zing'are, kausha, kaza, kisha paka grisi juu yake. Kama nyuso zilikuwa safi tangu awali na joto lilikuwapo, ubovu umo ndani ya kichwa cha waya, pale kilipobanwa juu ya nyuzi za shaba. Kikate, ufunge kingine."

Msomaji ataona kuwa tumeandika "kaza" bila kuongeza neno. Mazoea yetu ni kuandika "kaza barabara" au "kaza sana", na fundi mtiifu hukaza mpaka risasi, ambayo ni laini, inapondeka au uzi wa boliti unakatika. Risasi iliyobanwa mno hutambaa polepole chini ya mzigo, kisha kiungo hulegea tena chenyewe. Panapokuwa na kipimo cha kukazia, kipimo hicho kiandikwe kwa tarakimu. Pasipokuwapo, twaonelea iandikwe "kaza mpaka kichwa cha waya kisiweze kuzungushwa kwa mkono, kisha kikague tena baada ya siku chache za kazi".

*Kichwa cha waya* tumelitumia kwa kile kipande cha shaba chenye tundu kinachobanwa mwishoni mwa waya. Hatukulipata katika karakana yoyote. Tumelitunga kwa ajili ya makala haya, na hatuna hakika kama litadumu. Wasomaji walio karibu na mafundi wa betri wa Mombasa, Bujumbura, Lubumbashi au Mwanza, wakituletea neno litumikalo huko, tutalitanguliza mbele ya letu.